Afya ya Jamaa: Glavu Nzima Yaweza Kudanganya



Wahenga walisema: mkono mtupu haulambwi. Nasi wa Likasi twaweza kuongeza neno: mkono mgonjwa haushiki kitu. Katika mji wetu jamaa nyingi sana huishi kwa kazi ya mikono. Baba huchimba mawe ya shaba na kobalti, au hufanya kazi kiwandani, au huchanganya saruji na kuwajengea watu nyumba. Mama huosha mawe mtoni, au hupika sabuni uani, au hufua nguo za wengine kwa maji ya javeli. Binti hupaka wenzake rangi ya nywele. Siku ngozi ya mikono hiyo inapopasuka, ikawasha na kutoa maji, chungu cha nyumbani hupungua, na karo ya mtoto haionekani.

Kwa sababu hiyo watu wenye busara hununua glavu, yaani mifuko ya mikono. Wafanya vema. Lakini wengi hudhani kwamba kuvaa glavu yatosha, nao wakiiona ni nene na haina tundu, hutia mikono katika kila kitu bila woga. Hapo ndipo pana hatari. Mnakumbuka habari ya Isaka mzee katika kitabu cha Mwanzo: Rebeka alimfunika Yakobo mikono kwa ngozi za wana-mbuzi, na baba yake kipofu akapapasa, akadanganyika. Sisi nasi tusipapase glavu sokoni kama vipofu. Yatupasa kuuliza: Glavu hii imepimwa? Imepimwa kwa kitu gani? Nayo ilistahimili kwa dakika ngapi?

Juma hili tutaeleza namna glavu zinavyopimwa, na jinsi kila jamaa yaweza kutumia maarifa hayo.

ADUI WA NGOZI NI WAWILI

Kwanza, tujue adui tunayemkinga. Vitu vya kazi huidhuru ngozi kwa njia mbili zilizo mbalimbali.

Njia ya kwanza ni kuunguza na kuchubua. Asidi huunguza. Soda kali ya kupikia sabuni huunguza. Saruji iliyotiwa maji nayo hula ngozi polepole, hata mjenzi asisikie maumivu mpaka jioni. Adui huyu hachagui mtu: yeyote aliyeguswa vya kutosha ataumia.

Njia ya pili ni mzio. Huu ni ujanja mwingine kabisa. Mtu aweza kushika kitu miezi au miaka pasipo kudhurika, na huku mwili wake unajifunza kukichukia. Kisha siku moja ngozi huanza kuwasha, kuvimba na kutoa malengelenge. Hatimaye hukauka na kupasuka. Ndio ukurutu wa mzio. Tangu siku hiyo hata kitu kile kikiwa kidogo sana humwamsha adui, na kwa kawaida mwili hausahau tena maisha yote. Mwenzake afanyaye kazi iyo hiyo haoni kitu. Basi watu wasio na maarifa husema, “Huyu amerogwa.” Hakurogwa. Mwili wake umejifunza.

Miongoni mwa madini, yanayojulikana sana kwa kuleta mzio wa ngozi ni matatu: nikeli, kromu na kobalti. Kromu hupatikana kidogo ndani ya saruji, na imewatesa waashi wengi duniani. Huko Denmark, tangu miaka ya 1980, saruji ilianza kutiwa dawa ya chuma inayoizima kromu ile mbaya; na tangu mwaka 2005 nchi zote za Umoja wa Ulaya zina sheria inayoweka mpaka wa kromu hiyo katika saruji. Kobalti, je? Hatuna haja ya kuitafuta mbali. Imo katika mawe meusi ambayo vijana wetu huyachimba, mama zetu huyaosha, na watoto wengine huyaokota, jambo lisilopasa hata kidogo.

Jasho la mkono huyeyusha kobalti kidogo kidogo, nayo ikisha kuyeyuka yaweza kuingia katika ngozi. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga: wale wakaao karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini. Nyingi ya kobalti hiyo huingia kwa vumbi, hewa na chakula; lakini mkono mchafu ndio mchukuzi wake mmojawapo, kwa kuwa mkono huo huo hushika ugali. Na mwezi wa Januari 2016 shirika la Amnesty International, pamoja na Afrewatch la hapa Kongo, lilieleza katika taarifa yake kwamba wachimbaji wadogo walio wengi hawakuwa na vifaa vya kujikinga, hata glavu.

GLAVU ZILIANZAJE?

Huenda mkashangaa kusikia kwamba glavu za mpira za waganga hazikuanza kwa ajili ya kumkinga mgonjwa. Zilianza kwa ajili ya ngozi ya mfanyakazi.

Katika mji wa Baltimore, Marekani, hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889. Mpasuaji mkuu wake alikuwa William Halsted, na mwuguzi mkuu wa chumba cha kupasulia alikuwa Caroline Hampton. Siku zile, ili kuua vijidudu, wauguzi walitia mikono katika maji yenye dawa ya zebaki. Dawa hiyo ilimharibu Caroline ngozi ya mikono, hata ikaonekana kwamba itampasa kuacha kazi. Halsted akaagiza kwa kampuni ya mpira ya Goodyear glavu nyembamba za mpira zenye kufuata umbo la mikono yake. Zilimfaa sana, akaendelea na kazi. Mwaka 1890 wale wawili walioana. Baadaye tu ndipo waganga walipotambua kwamba glavu zile huwakinga wagonjwa pia.

Angalieni jambo moja katika habari hii. Halsted hakununua glavu yoyote tu. Alijua kwanza ni dawa gani inayoudhuru mkono, ni mkono wa nani, na ni kazi gani. Kisha akaagiza glavu ya kufaa. Hii ndiyo kanuni yote kwa kifupi. Yafuatayo ni maelezo yake.

NJIA TATU ZA KUINGIA

Wapimaji wa glavu hutafuta njia tatu ambazo kitu kibaya chaweza kupita ili kifike kwenye ngozi.

Njia ya kwanza ni tundu. Mshono mbaya, ufa, au tundu dogo lisiloonekana kwa macho. Hii kila mtu huielewa.

Njia ya pili ni kuharibika kwa mpira wenyewe. Glavu ikiguswa na kitu kisichopatana nayo, yaweza kuvimba, kulainika, kuwa ngumu, au kupasuka. Tia glavu ya mpira wa kawaida katika petroli uone: huvimba na kulegea.

Njia ya tatu ndiyo yenye hila. Kitu hupenya ndani ya mpira ulio mzima, usio na tundu wala ufa, kwa vipande vidogo visivyoonekana, kikatokea upande wa pili. Mwasema, “Haiwezekani!” Basi fanyeni jaribio hili nyumbani. Chukueni ndakala wakavu, wafungeni katika mfuko mwembamba wa plastiki usio na tundu, fungeni vema, mkauweke kabatini. Kesho fungueni kabati. Harufu iko wapi? Imejaa kabatini. Mfuko haukutoboka, hakuna ndakala aliyetoka; lakini harufu imepita katika plastiki yenyewe. Ndivyo dawa nyingine zipitavyo katika glavu, kimya kimya, na mwenye kuvaa asijue neno.

JINSI ZINAVYOPIMWA

Kwa njia ya kwanza, yaani tundu, wapimaji hujaza glavu hewa au maji na kutazama kama yavuja. Kwa glavu za hospitali, kanuni ya Ulaya yataka glavu itiwe maji lita 1, itundikwe, na kutazamwa kwa dakika chache. Tone likionekana, glavu hiyo imeshindwa.

Kwa njia ya pili, glavu huguswa na dawa kwa muda, kisha hutobolewa kwa chombo chenye ncha, na nguvu iliyotakiwa kuitoboa hupimwa. Hulinganishwa na nguvu iliyotakiwa kabla ya kuguswa na dawa. Ikiwa imepungua sana, mpira umedhoofika.

Kwa njia ya tatu, wapimaji hukata kipande cha glavu, kwa kawaida penye kiganja, wakakifanya kuwa ukuta kati ya vyumba viwili vidogo vya chombo. Upande mmoja hutia dawa yenyewe. Upande wa pili hupitisha hewa safi au maji safi, na mashine huchunguza hewa hiyo au maji hayo bila kupumzika. Saa huanza kuhesabu. Dawa inapofika upande wa pili kwa kadiri iliyowekwa, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu kwa kila sentimeta mraba kwa kila dakika, saa husimamishwa. Muda huo ndio muda wa kupenya. Glavu iliyostahimili dakika 10 hupewa daraja la 1. Dakika 30, la 2. Dakika 60, la 3. Dakika 120, la 4. Dakika 240, la 5. Na dakika 480, yaani saa 8 za kazi, la 6.

Lakini shikeni neno hili: jaribio hilo hufanywa katika chumba chenye joto la kadiri ya digri 23, na kipande cha glavu kimetulia, hakikunjwi wala hakivutwi. Mkono wa mtu ni wa moto zaidi. Tena hukunja, huvuta, husugua. Kwa hiyo muda halisi kazini mara nyingi huwa mfupi kuliko ule ulioandikwa. Ukiona dakika 30, usikae dakika 30.

HABARI YA KUHUZUNISHA

Ikiwa yuko asemaye kwamba haya ni mambo ya vitabuni tu, na asikie habari hii. Karen Wetterhahn alikuwa mwalimu wa kemia katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwanamke mwenye elimu kubwa na mwangalifu. Tarehe 14 Agosti 1996, alipokuwa akifanya uchunguzi, matone machache ya dawa ya zebaki iitwayo dimetili zebaki yalianguka juu ya glavu yake ya mpira mwembamba. Glavu haikutoboka. Alimaliza kazi yake, akaivua. Baada ya miezi kadhaa alianza kushindwa kutembea na kusema sawasawa. Aliaga dunia tarehe 8 Juni 1997.

Baadaye glavu za namna ile zilipimwa. Ikaonekana kwamba dawa ile huzipenya kwa sekunde 15 au chini yake. Mwalimu yule hakuvunja kanuni za wakati ule. Kosa lilikuwa kwamba glavu ilikuwa haijapimwa kwa dawa ile. Kifo chake kiliwafanya wengine wapime, na wengi wameokoka kwa sababu yake.

Dawa ile haipatikani katika nyumba zetu, tusiogope bure. Lakini viko vitu vya siku hizi vinavyopenya glavu nyembamba kwa dakika chache: gundi ya kucha za bandia, vitu vya kuyeyushia rangi, na petroli. Mabinti wanaobandika kucha wajue hilo. Kinachopenya hapo ni kimojawapo cha vitu vinavyoleta mzio mkali.

KUSOMA ALAMA

Sasa tufike sokoni. Tuseme Mama Kabwe, mpika sabuni, amekwenda dukani.

“Mama, chukua hizi,” asema mwenye duka. “Nene kabisa. Hata asidi haipiti.”

“Baba, asante. Zina picha gani juu yake?”

“Picha ya nini tena, mama? Glavu ni glavu.”

“Nionyeshe picha ya chupa, baba, na herufi chini yake.”

Mama huyu ana akili. Glavu zilizopimwa kwa dawa kwa kanuni ya kimataifa, iliyotolewa upya mwaka 2016, huwa na picha ya chupa ya kemia, na karibu yake namba EN ISO 374. Chini ya picha huandikwa herufi. Kila herufi ni dawa moja iliyotumika katika jaribio. Zile zitupasazo sisi zaidi ni hizi:

K ni soda kali ya kupikia sabuni, asilimia 40.
L ni asidi ya salfuriki, asilimia 96.
O ni amonia, asilimia 25.
P ni ile dawa ya kung'arisha nywele na kusafisha vidonda, lakini kali sana, asilimia 30.
T ni dawa ya kuhifadhi maiti, formalini, asilimia 37.

Mpika sabuni atafute herufi K. Afanyaye kazi penye asidi atafute herufi L. Tangu mwaka 1929, kiwanda cha Shituru kilipoanza kusafisha shaba kwa umeme, asidi hiyo ni jirani wa mji wetu. Wazee waliofanya kazi huko tangu siku mji ulipoitwa Jadotville wanajua jinsi tone moja linavyotoboa nguo.

Tena kuna neno “Type”, yaani namna. Namna A imestahimili dakika 30 au zaidi kwa dawa zisizopungua 6. Namna B imestahimili dakika 30 kwa dawa 3. Namna C imestahimili dakika 10 tu, kwa dawa 1. Basi namna C ni ya kukinga matone, si ya kuchovya mikono.

Mkiona picha ya nyundo yenye namba chini yake, hiyo ni habari nyingine. Glavu hiyo imepimwa kwa kusuguliwa, kukatwa, kuraruliwa na kutobolewa. Yafaa kwa mawe na mabati. Juu ya asidi haisemi neno lolote. Mchimbaji avaaye glavu ya kitambaa kilichofumwa akaitia katika maji ya kuoshea mawe, ameuvika mkono wake tambara lililolowa. Maji yenye madini hukaa juu ya ngozi kutwa nzima, na heri mkono mtupu unaonawa mara kwa mara kuliko huo.

Tena picha yaweza kuigwa na wadanganyifu. Kwa hiyo picha pasipo herufi, au glavu pasipo jina la aliyeitengeneza, msiiamini upesi.

KUPIMA NYUMBANI

Hatuna mashine nyumbani, na upenyaji wa siri hatuwezi kuupima. Lakini tundu twaweza kulipata. Kila asubuhi kabla ya kazi, fanyeni hivi:

1. Itazameni glavu penye mwanga, mkiivuta kidogo kati ya vidole. Ikiwa inanata, imekuwa ngumu, imebadilika rangi au imepasuka, itupeni.

2. Ishikeni penye mdomo wake, ikunjeni mara mbili tatu ili hewa ifungwe ndani, kisha iminyeni na kuisogeza karibu na shavu au kuitia katika beseni la maji. Mkiona mapovu, imetoboka. Msiipulize kwa kinywa ikiwa imekwisha kutumika.

3. Itieni maji safi, itundikeni, hesabuni dakika 2. Kisha ikausheni vema ndani na nje.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini tundu la glavu ya asidi halizibwi kwa kiraka. Glavu hiyo imekwisha kazi yake.

Zaidi ya hayo: naweni mikono kabla ya kuvaa, kwa maana uchafu uliofungwa ndani ya glavu pamoja na jasho huingia ngozini kuliko kama msingevaa kitu. Kunjeni mdomo wa glavu nje kama ukingo, ili matone yasiteremke mkononi. Kabla ya kuvua, zioshwe zikiwa mkononi. Kisha vueni bila kugusa upande wa nje kwa mkono mtupu. Glavu nyembamba ya kutupwa itupwe baada ya kazi moja. Mpaka rangi wa nywele akiivua, akaiosha na kuivaa kesho, amevaa rangi yenyewe.

Ikiwa asidi au soda imeingia ndani, vueni glavu mara moja, kisha osheni mkono kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Msipake mafuta. Msitie dawa ya kushindana na asidi. Maji tu, na maji mengi; kisha nendeni kwa mganga.

GLAVU YENYEWE IKIWA ADUI

Huenda mtu akavaa glavu nzuri, na mikono ikazidi kuwasha. Asishangae. Glavu za mpira wa mti zina vitu vya asili ambavyo humdhuru mtu mwenye mzio, pengine hata kumziba pumzi. Unga uliokuwa ukitiwa ndani ili glavu ivalike ulizidisha jambo hilo, ndiyo sababu Marekani ilikataza glavu za unga za hospitali tangu Januari 2017. Glavu nyingi za mpira zina pia dawa za kuufanya mpira ukaze, ambazo huleta ukurutu kwa watu wengine. Hata glavu za ngozi ya mnyama: nyingi hulainishwa kwa kromu, ile ile ya saruji. Tangu Mei 2015 Ulaya imeweka mpaka wa kromu mbaya katika ngozi inayogusa mwili.

Dalili ya kutazama ni hii: ukurutu ukianza penye kifundo cha mkono na kufuata mpaka wa glavu, yafaa kuishuku glavu yenyewe.

Njia ya kujua hakika ni jaribio la mganga wa ngozi. Lilianzishwa mwaka 1895 na mganga wa Ujerumani, Josef Jadassohn. Vitu vinavyoshukiwa hutiwa kidogo kidogo katika viraka, vikabandikwa mgongoni kwa saa 48. Kisha mganga hutazama, na kutazama tena baada ya siku moja mbili. Penye mzio ngozi huwa nyekundu na kuvimba. Asiyeweza kumfikia mganga wa namna hiyo aende zahanati na kueleza kwa taratibu: kazi gani, kitu gani, tangu lini, na kama ngozi hupona siku za kupumzika. Maelezo hayo pekee humsaidia sana mganga. Lakini msijipake wenyewe dawa ya kazi juu ya ngozi ili kujaribu. Mtajiunguza bure.

MAMBO AMBAYO GLAVU HAIYAWEZI

Glavu hulinda mkono, haiyalindi mapafu. Vumbi la mawe huingia puani, na mvuke wa asidi kooni. Wala glavu haizuii miali ya urani. Karibu nasi kuna Shinkolobwe, machimbo yaliyofungwa kwa amri ya Rais mwaka 2004, na ambapo mwaka huo huo ardhi iliporomoka ikaua wachimbaji. Asitokee mtu akamwambia kijana, “Vaa glavu, nenda Shinkolobwe, hutadhurika.” Huyo anamtuma mauti. Wala glavu haimhalalishii mtoto kazi ya mawe. Mahali pake ni shuleni.

NANI AZINUNUE?

Wako watakaosema: “Mnatufundisha vema, lakini fedha ya glavu ziko wapi?” Swali hili ni la haki, na jibu lake si la mfanyakazi peke yake.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yamtaka mwajiri aangalie afya na usalama wa wafanyakazi wake. Glavu si zawadi ya sikukuu. Ni sehemu ya kazi. Papa Leo wa 13, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mtu si chombo cha kuletea faida. Papa Pio wa 12, mwaka 1955, aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu aliilisha jamaa takatifu kwa mikono yake. Amwibiaye mtu afya ya mikono amwibia mtoto wake chakula.

Nao wasio na mwajiri, wachimbaji na waosha mawe, wana njia ya umoja. Watu 10 wakinunua pamoja, huuliza kwa sauti moja picha na herufi, na mwenye duka hujibu. Mtu mmoja akiuliza, huambiwa glavu ni glavu. Vyama vya wachimbaji na vikundi vya akina mama vyaweza kuweka fungu dogo la fedha kwa jambo hili, na kumchagua mmoja ajuaye kusoma alama awe mnunuzi wao. Wanunuzi wa mawe nao wajue kwamba mawe yale yana bei nyingine ambayo haikuandikwa kwenye mizani: bei ya ngozi.

Basi, akina baba, akina mama, kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini, zitoeni glavu zilizo nyumbani mwenu. Zitazameni penye mwanga. Tafuteni picha, tafuteni herufi, zitieni maji. Mkikuta hazifai, ni heri kujua kabla ya jioni. Zile zinazofaa, vaeni kwa shukrani, na kuzilinda. Mungu aliyetupa mikono hakutupa jozi ya pili ya akiba.

Mungu awabariki ninyi na kazi za mikono yenu.